Mashine Iliyosema Uko Hapa

Baba,

Wewe ulikuwa na desturi ya kuuliza mvua kabla ya kuuliza watu. Ukipiga simu kutoka nyumbani Mikinduri, neno la kwanza lilikuwa, "Huko kumenyesha?" Basi, huku Embu kumenyesha. Njia ya kuingia mtaa wetu wa Majimbo imekuwa matope, na nimefunga duka mapema kwa sababu hakuna anayenunua dawa ya ng'ombe kwenye mvua ya namna hii. Nimekaa katika chumba chako cha nyuma, kwenye kile kiti ulichokipigilia misumari mwenyewe, na kila tone likigonga bati nainua kichwa. Usinicheke. Tangu tukuzike nimekuwa mtu wa kushtuka. Simu ikilia nashtuka. Isipolia nashtuka zaidi.

Nina mambo ya kukuambia, na karibu yote yametokana na mashine zako.

Unakumbuka siku uliyozileta? Gatwiri alikuwa ametoka hospitali. Ile homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemwachia uhai, ikaenda na masikio. Miaka mitano tu. Nilikuwa namwita kutoka jikoni, nakumbuka, nanyamaza, halafu namwita tena. Baba yake alikuwa ameshatuacha, kwa hiyo nyumba ilibaki na watu wawili wasioweza kuongea. Wewe ulikaa Mikinduri ukiwaza, hukuniambia unawaza nini, mpaka siku ulipotokea hapa na pikapu ya kukodi, vyuma viwili vikubwa vimefunikwa magunia ya kahawa. Majirani walidhani ni cherehani. Mama Njeru wa mlango wa pili alikuuliza unataka kufungua biashara gani, ukamjibu bila kucheka, "Posta."

Zilikuwa teleprinta. Mimi nilizijua kwa sauti, kwa sababu nikiwa mdogo ulinipeleka mara moja kazini kwako, posta, ulikokuwa fundi. Chumba kizima kilikuwa kinagonga kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mtu anaandika Nairobi, na hapa Embu herufi zinajipiga zenyewe kwenye karatasi, hakuna mkono unaoonekana. Bei ya kahawa, maagizo ya benki, habari za misiba. Ulisema kabla ya simu za mkononi, vilio vingi vya Embu na Meru vilipita kwenye chumba chenu kwanza, na karani alijua nani amefiwa kabla ya mwenye kufiwa. Kisha ikaja faksi, zikaja simu, na zile mashine zikatolewa nje kama vyuma chakavu. Ukachukua mbili, ukaziweka ghalani, Mama akakulalamikia miaka yote kwamba zinakula nafasi ya mahindi.

Lakini mwalimu wako wa ufundi aliwahi kuwaambia kwamba huko ng'ambo viziwi walikuwa wakizichukua mashine kama hizi zikishatupwa, wakaziunganisha na laini za simu, wakaongea kwa kuandika. Neno hilo ulilihifadhi bila kujua utalifanyia nini. Kisha mjukuu wako akapoteza masikio.

Moja uliiweka sebuleni, nyingine humu chumbani, ukahamia humu kuishi nasi, ukapitisha waya juu ya dari. Kila herufi, ulimweleza mtoto, ni nafasi tano: umeme upo au haupo, mara tano, na mashine ya upande wa pili inasoma ilichopata na kuchagua herufi ya kupiga. Ulikuwa ukimgongea kwenye kiganja. Gusa, acha, gusa, gusa, acha. Sidhani kama alielewa. Alichoelewa ni meza. Mota ikiwaka meza inatetemeka, na yeye anaweka viganja vyote viwili na kidevu juu yake, macho yamefumba, anatabasamu.

Ndugu yangu Mwirigi alikuuliza, "Kwani simu haiwezi kufanya hiyo kazi?" Inaweza, Baba, na siku hizi anatumia simu pia. Lakini kwenye simu ujumbe unakuja wote kwa pamoja, kama kitu kimetupwa mlangoni. Kwenye mashine alikuona ukifikiri. Herufi, herufi, unasimama, herufi. Alijua umekwama wapi. Alijua umekasirika wapi. Alijifunza kusoma kwa kukusubiri.

Halafu kuna kile kitufe chekundu.

Posta mlikitumia kuhakikisha mmepata mahali mnapotaka kabla ya kutuma chochote. Karani akikibonyeza, mashine ya mbali inajitaja yenyewe, hata kama chumba hakina mtu. Ndani yake kuna gurudumu dogo lenye safu za meno membamba. Fundi anavunja baadhi kwa koleo, na yale yanayobaki ndiyo jina. Ya kwako uliyavunja yaseme GUKA YUKO HAPA, kwa kuwa Gatwiri alikuita Guka kama watoto wa Embu wanavyowaita babu zao. Ulipokuwa umelala mchana, au umeenda kwa kinyozi, mtoto akibonyeza anajibiwa. Ulipenda mzaha huo. Hata mimi niliupenda.

Sasa nikuambie yaliyotokea.

Ulipoondoka kwenda Mikinduri kumwona Mama na shamba lako la miraa, Gatwiri alikuwa ametokwa na tetekuwanga, ndiyo maana hukumchukua. Mwirigi aliponipigia kwamba umeanguka uani, nilimwacha mtoto kwa Mama Njeru nikaja mbio. Nilikukuta hospitalini, bado unaongea. Na tulipokuzika, mtoto alikuwa bado ana vidonda, ana homa, daktari amesema asitoke. Hakuona jeneza. Hakuona shimo. Hakuona watu wakilia. Yeye anajua kwa macho tu, na macho yake hayakupewa chochote.

Niliporudi nilijaribu kumwambia. Unajua lugha yangu ya ishara ilivyo, ulikuwa ukinicheka kwamba naongea kama mtu anayefukuza nzi. Nilitaja jina lako kwa ishara, nikafumba macho, nikalaza kichwa juu ya mikono. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Nikashukuru Mungu. Kumbe ameelewa kwamba umelala. Guka amelala Mikinduri.

Akaenda sebuleni, akawasha swichi ile uliyounganisha iwashe mashine zote mbili, akabonyeza kitufe chekundu. Na humu chumbani kwako, kitandani hakuna mtu, mashine yako ikagonga, na kule sebuleni herufi zikajipiga mbele yake. GUKA YUKO HAPA.

Alicheka, Baba. Aliniangalia kwa furaha akacheka. Kisha akaandika: GUKA NIMEPONA. UNAAMKA LINI.

Nilitoka nje nikashika ukuta.

Akawa anafanya hivyo kila akitoka shule. Anabonyeza, anajibiwa, anaandika habari zake, anaweka viganja mezani kusubiri. Anasubiri mpaka uji unapoa. Mwanzo alikuwa na subira. Baadaye akaanza kuandika UMENIKASIRIKIA. Nami kila nikisikia ile mota ikianza kunguruma, naingia jikoni nafungua bomba ili maji yaifunike. Nilikuwa naogopa sauti ya mashine na naogopa siku itakaponyamaza. Mwirigi alisema, "Dada, chomoa plagi, uza hiyo chuma, utaona mtoto atasahau." Mama akanipigia kutoka Mikinduri, akaniambia, "Mwari, mwanangu, usiizime. Pengine ndiyo inamtuliza." Nilimsikiliza huyu nikaona ana haki, nikamsikiliza yule nikaona ana haki, na usingizi ukanikimbia. Niliomba kanisani, niliomba dukani nikipima unga wa madini wa ng'ombe. Mkono kwenye plagi niliuweka mara nyingi. Sikuvuta. Niliona kama ni mimi nitakayekuua.

Kisha siku moja alikosekana.

Nilitoka dukani mchana, nikakuta mkoba wake wa shule kitandani na viatu vya shule vimevuliwa. Nikaangalia kwa Mama Njeru, hayuko. Chooni, hayuko. Baba, mtu mwingine akipotelewa na mtoto anaita jina. Mimi nilifungua mdomo kuita nikaufunga. Ningemwita nani? Ningesimama katikati ya Embu nipige kelele mpaka koo lipasuke, na yeye angekuwa hatua chache kutoka kwangu, amenipa mgongo, hajui.

Mama Njeru akashika njia ya sokoni. Mimi nikaenda mtaa wa Dallas, kwa sababu kuna mtoto wa darasa lao anayekaa huko. Hayuko. Nikaenda kituo cha magari. Nikawa nawaonyesha watu picha kwenye simu, naifunga picha badala ya kuifungua. Kuna kijana wa bodaboda akaniuliza, "Ni yule mtoto wa sweta ya kijani? Nimempita huko barabara ya Meru, anatembea peke yake, anaangalia juu."

Anaangalia juu.

Nilipanda pikipiki yake na kwa njia nzima nilikuwa nimefumba macho. Ile barabara unaijua, malori yanashuka kama hayana breki, na dereva akipiga honi anajua amemaliza kazi yake, mtu atajitoa. Huyu asingejitoa. Kila gari lililotupita nilihesabu kwamba hilo ndilo.

Tulimpata mbele, baada ya mji kwisha, penye mama mmoja anayeuza parachichi kando ya barabara. Alikuwa amekumbatia nguzo ya simu. Si kuegemea, Baba, kukumbatia, mikono imezunguka, kifua na shavu vimebanwa kwenye mti, macho yamefumba. Upepo ulikuwa mkali na waya zinavuma juu. Yule mama muuza parachichi akaniambia kwa hasira, "Huyu ni wako? Nimemwita mpaka nimechoka, nikafikiria ni kiburi. Karibu lori limpeleke." Kisha akaniona uso, akanivutia kibao chake nikae.

Sikukaa. Nilimshika Gatwiri begani, akafumbua macho, na hakushtuka hata kidogo. Alichukua mkono wangu akaubandika kwenye nguzo. Na kweli, nguzo ilikuwa inatetemeka. Akatengeneza ishara ya jina lako.

Ndipo nikaelewa. Wewe ulikuwa umemwambia kwamba zamani waya zilitoka Embu, nguzo kwa nguzo, mpaka Meru, mpaka Mikinduri. Na mashine inasema uko. Na ukiwa uko na hujibu, maana yake kuna shida upande wako. Akavaa viatu vya kuchezea akafuata waya kuja kukusaidia.

Yule mama alikataa kitu chochote nilichotaka kumpa. Alimwekea Gatwiri parachichi mbili mkononi akamwambia, polepole, kama angesikia, "Wewe utaua mama yako."

Nilimbeba mgongoni, mtoto mkubwa wa miaka minane, hadi mahali pikipiki ilipoegeshwa, na nilikuwa nimeamua.

Jumapili baada ya kanisa nilitoa bisibisi zako. Nilimkalisha humu chumbani, kwenye kitanda chako, nikafungua kifuniko cha mashine. Skrubu moja iliniponyoka ikaanguka sakafuni, tukaitafuta wote wawili kwa magoti. Nikamwonyesha lile gurudumu. Nikalizungusha kwa kidole, polepole, umeme umezimwa, ayaone meno yakipita, yaliyovunjika na mazima. Nikamshika kidole nikampitisha juu yake. Kisha nikamwomba abaki humu, nikaenda sebuleni, nikawasha, nikabonyeza kitufe chekundu. Nilitaka alione likizunguka lenyewe. Nilisikia mashine ikigonga huku. GUKA YUKO HAPA. Ikanyamaza.

Nikakaa. Kisha nikaanza kumwandikia, herufi moja moja, kwa kidole kimoja, kwa kuwa sijawahi kujua kuandika kwenye kitu kile.

NI CHUMA KINASEMA. SI GUKA.

Akajibu haraka, yeye ana vidole vyako: GUKA YUKO WAPI.

GUKA ALIKUFA.

Niliweka viganja mezani kama yeye. Nilitaka kukimbia nimshike, nikaogopa kwamba nikitoka hapo ataandika kitu na hatakuta mtu. Nikabaki. Nilisikia majirani wakipika, redio ya mtu, watoto wa uani. Halafu mashine ikaanza kugonga.

KAMA NDAMA WETU WA MIKINDURI.

NDIYO. KAMA NDAMA.

HATAAMKA.

HATAAMKA.

Karatasi ilisogea mstari mmoja. Kisha: ALISEMA NINI.

Na hapo, Baba, nilishukuru kwamba nilifika kabla hujaenda, kwa sababu nilikuwa na jibu la kweli. Ulikuwa umelala pale kwenye kitanda cha hospitali, mdomo umekauka, na hukuuliza habari ya shamba wala ya mtu mwingine yeyote. Ulinivuta kwa kitambaa cha bega ukaniuliza, "Vipele vya mtoto vimekauka?" Nikakuambia vinakauka. Ukasema, "Asijikune." Nilimwandikia yote. Nilimwandikia hata ASIJIKUNE.

Ndipo nikamsikia. Unajua akilia sauti yake inavyotoka, haina mpaka, kwa kuwa haisikii. Nilikuja nikamkuta ameinamia mashine, nikamshika, tukalia humu hadi Mama Njeru akafungua mlango, akatuangalia, akaufunga taratibu.

Lile gurudumu yeye ndiye aliyeniomba nilitoe. Mimi nilisita, nikamwuliza kwa mikono mara tatu kama ana hakika. Akachukua bisibisi mwenyewe. Lilipotoka alienda sebuleni, akabonyeza kitufe chekundu, akaweka viganja mezani. Mota ilinguruma tu. Hakuna herufi iliyokuja. Alikaa hivyo kidogo, akazima swichi, akaja jikoni kuniomba chakula. Alikula sana. Mimi sikuweza.

Tulienda Mikinduri shule zilipofungwa. Mama alimshika mkono akampeleka mwenyewe mpaka kaburini, wale wawili, mmoja hajui ishara, mwingine hasikii Kimeru. Mimi niliambiwa nibaki jikoni. Niliwachungulia kwa dirisha. Mama alikuwa anaongea na Gatwiri anamwangalia mdomo. Kisha Gatwiri akainama akang'oa magugu, na Mama akainama naye. Waliporudi mikono yao ilikuwa na udongo, na Mama akaniambia, "Tumeongea vizuri."

Bado naogopa, Baba. Sitaki kukudanganya. Muhula ujao anaenda bweni, shule ya viziwi upande wa Meru, na mimi nawaza nani atamwamsha moto ukitokea, nani ataona akiwa mgonjwa. Riboni ya wino ya mashine imeanza kufifia na sijui inapatikana wapi. Mota ina harufu ya kuungua ambayo wewe ungejua maana yake. Tunaandikiana kila jioni, mimi nikiwa kwenye kiti chako, na yeye ananilalamikia: MAMA UNACHELEWA. Wewe hukuwahi kuchelewa.

Lakini sikiliza. Jumamosi nimeanza kwenda kujifunza ishara, kuna mwalimu anafundisha wazazi kanisani. Tuko wachache na mimi ndiye mzito kuliko wote. Nakuahidi sitaacha. Nitajifunza mpaka niweze kugombana na mtoto huyu kwa mikono miwili na kushinda. Na mashine hizi hazitauzwa. Zikifa nitatafuta fundi, na asipopatikana nitaziharibu mwenyewe nikijaribu kuzitengeneza.

Gatwiri ameingia sasa hivi akaniuliza naandika nini. Nimemwambia namwandikia Guka. Ameitazama karatasi. Kisha akasema, kwa mikono, na nimeelewa yote bila kumwomba arudie: mwambie naendesha baiskeli ya Njeru bila kushikwa. Roho yangu ilipanda juu nikasahau kalamu. Bila kushikwa, Baba, na hasikii magari. Nikamwuliza ni nani aliyemruhusu. Akatikisa kichwa, hilo si kitu. Akasema tena:

Najua hatajibu. Mwandikie tu.

Basi nimekuandikia. Lala salama, Baba yangu. Huku mvua imeacha, na mimi natoka kumtazama akiendesha.

Binti yako,
Kanana